Kibali cha Kugusa Ukuta: Kukarabati Nyumba Kongwe Bagamoyo

Mwenye nyumba ndani ya Mji Mkongwe wa Bagamoyo anaweza kuipangisha nyumba yake, kuiweka wakfu, kuirithisha au kuishi ndani yake mpaka mwisho wa umri wake, lakini hana uamuzi wa peke yake juu ya upande wa nyumba hiyo unaotazama mtaa. Ukuta wa nje, paa, madirisha, mlango mkuu, baraza, hata bango la duka, vyote vinahitaji kibali kabla havijaguswa, na kibali hicho kina pande mbili: upande wa Halmashauri inayosimamia ujenzi, na upande wa wasimamizi wa mambo ya kale. Kwa muda sasa nimekuwa nikishughulikia ukarabati wa nyumba ya mirathi ya upande wa baba yangu, hatua chache kutoka Mtaa wa India, na katika kazi hiyo nimefikia msimamo ninaotaka kuutetea hapa. Kibali ni cha haki na ni cha lazima. Tatizo ni kwamba, kwa nilivyoona, anayetaka kurudisha kilichokuwapo na anayetaka kuweka kitu kipya wanapita mlango mmoja, kwa karatasi zilezile na kwa kungoja kulekule, na hali hiyo inawachosha wale hasa ambao mji unawahitaji.

Nianze na sheria yenyewe, kwa sababu majirani wengi wanaamini kwamba inahusu magofu tu. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, iliyofanyiwa marekebisho 1979, inaweka mpaka wa mwaka: jengo lililojengwa kabla ya 1863 linalindwa kwa umri wake peke yake, bila kungoja tangazo lolote. Kwa kipimo hicho magofu ya Kaole yamo ndani bila mjadala. Lakini Boma la Wajerumani, lililojengwa 1897, liko nje ya mpaka huo, na sehemu kubwa ya nyumba za Mtaa wa India, zilizosimamishwa na wafanyabiashara wa Kihindi na Kiarabu katika miongo ya mwisho ya karne ya 19, wakati misafara ya pembe za ndovu kutoka bara ilipokuwa ikiishia hapa, nazo ziko nje. Hizi zinalindwa kwa njia nyingine: sheria inampa waziri mwenye dhamana uwezo wa kutangaza majengo na maeneo ya baadaye kuwa yenye kulindwa, na Mji Mkongwe wa Bagamoyo umetangazwa kuwa eneo la hifadhi.

Tofauti hiyo ina uzito kwa mwenye nyumba wa kawaida. Jengo kubwa kama Boma au Ngome Kongwe lina jina lake na lina walinzi. Nyumba yetu haina jina. Haikuwahi kukaliwa na gavana wala mpelelezi, na hakuna mgeni anayeletwa kuipiga picha. Inalindwa kwa sababu imesimama katika safu, bega kwa bega na nyumba nyingine zenye kimo kinachokaribiana, baraza zinazofuatana na madirisha yaliyopangwa kwa mwendo mmoja. Ukiitoa moja kati ya hizo, au ukaivalisha sura ya nyumba za barabara kuu, safu nzima imepungukiwa. Ndiyo maana hoja ya kwamba "nyumba yangu haimo katika orodha" haisimami: kinachohifadhiwa ni mtaa.

Mlango una habari yake. Sheria hiyohiyo inaitaja milango na fremu za mbao zilizochongwa kwa mtindo wa Kiafrika au wa Mashariki kabla ya 1940 kuwa vitu vinavyolindwa, na kuisafirisha nje ya nchi bila kibali ni kosa. Kwa hiyo nyumba inaweza kuwa ya miaka ya 1920, imebomoka nusu, na bado mlango wake ukawa na ulinzi wa kisheria ulio wazi kuliko kuta zinazoushikilia. Nimewahi kusikia watu wakizungumzia kuuza mlango wa nakshi ili kupata fedha za kuezeka. Naelewa shida inayozaa wazo hilo, lakini mlango ukishaondoka, mwanya unaobaki huzibwa kwa tofali au kuwekwa geti la chuma, na nyumba haitarudi kuwa ile.

Upande wa ujenzi, Sheria ya Mipango Miji ya 2007 haimruhusu mtu kuendeleza ardhi katika eneo la mipango bila ridhaa ya mamlaka ya mipango, na kibali cha ujenzi hutolewa na Halmashauri baada ya kupitia michoro, maelezo ya kazi na uthibitisho wa umiliki. Hapo kwenye umiliki ndipo nyumba nyingi za Mji Mkongwe zinapokwama, kabla hata suala la historia halijaguswa. Nyumba hizi ni za mirathi. Aliyeandikwa kwenye karatasi amekwishafariki, pengine na watoto wake nao, na warithi wametawanyika kati ya Bagamoyo, Dar es Salaam, Unguja na Muscat. Bila msimamizi wa mirathi aliyethibitishwa na mahakama, hakuna mwenye mamlaka ya kutia saini ombi, na bila ridhaa ya warithi msimamizi mwenye busara hathubutu kutia saini hata akiwa na mamlaka hayo.

Kwetu msimamizi ni ami yangu mkubwa. Warithi wote waliridhia kwa haraka isipokuwa shangazi yangu anayeishi Unguja, ambaye aliposikia kwamba baraza ya mbele itaguswa alinipigia simu mwenyewe.

"Mwanangu, mimi sitii sahihi karatasi ya kuvunja baraza ya baba yangu."

"Haivunjwi, shangazi. Imepasuka, inajengwa upya palepale, kwa mawe yaleyale."

"Basi iandikwe hivyo. Palepale, kwa mawe yaleyale."

Tukaiandika hivyo, na maneno yake yakawa msingi wa ombi letu lote. Rasimu ya kwanza, iliyoandaliwa na mchoraji wa kawaida wa ramani za nyumba, ilisema "ukarabati wa baraza na plasta ya nje", na maneno hayo yanaweza kubeba kila kitu: vigae vya kuteleza, nguzo za zege, hata kuondoa baraza kabisa ili gari lipate nafasi. Afisa anayesoma maneno ya namna hiyo hana budi kuwa na shaka. Ombi la nyumba kongwe linapaswa kusema urefu na kina cha baraza kama kilivyo leo na kama kitakavyokuwa, jiwe gani litatumika, kiungo gani kitaunganisha, na mstari wa ukingo utabaki wapi. Tuliambatisha picha za kila upande, moja ikiwa na rula iliyoegemezwa ukutani ili vipimo visihitaji kubishaniwa. Kazi hii ya kueleza ni ndefu na haina sifa yoyote, lakini kila swali linalojibiwa ndani ya ombi ni safari moja pungufu ya kurudi ofisini.

Sasa nije kwenye ukuta, ambao ndio kiini cha jambo hili na ambao waombaji wengi wanaupita haraka.

Nyumba kongwe za mwambao zimejengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa na mchanga, na kufunikwa kwa plasta ya chokaa. Wakati fulani, nadhani kabla sijazaliwa, ukuta wetu wa mbele ulipigwa plasta ya saruji kuanzia chini hadi usawa wa madirisha, ili kuzuia unyevu. Kwa macho ulionekana mzima. Fundi wetu, mzee ambaye amefanya kazi ya chokaa tangu ujana wake, aliugonga kwa mpini wa mwiko, akisogea hatua kwa hatua, na mlio ukabadilika: hapa mzito, pale mtupu. Alipopenyeza patasi kwenye ufa, kipande cha plasta kipana kama sinia kilitoka chote kwa pamoja, na nyuma yake uso wa jiwe ulikuwa umegeuka unga mweupe wenye chembe zinazometa. Zilikuwa chumvi. Alizifuta kwa kidole na kunionyesha.

"Ukuta huu, mwanangu, umevishwa mfuko wa plastiki. Jasho linatoka, halina pa kwenda."

Hayo ndiyo maelezo sahihi. Jiwe la matumbawe lina vinyweleo, huvuta maji kutoka ardhini na unyevu kutoka baharini, na maji hayo hubeba chumvi. Plasta ya chokaa huyaacha maji yatoke na kukaukia nje. Ikichakaa, huchakaa yenyewe na kupigwa upya, na jiwe hubaki. Saruji ni ngumu kuliko jiwe na haipitishi unyevu vizuri. Maji hunaswa nyuma yake, chumvi huganda kuwa fuwele, fuwele hukua na kulipasua jiwe kutoka ndani, taratibu, bila mtu kuona, mpaka siku plasta inapodondoka na kuondoka na uso wa ukuta. Rangi ya mafuta hufanya madhara ya aina hiyohiyo. Kwa hiyo msimamizi wa mambo ya kale anapokataa saruji kwenye ukuta wa nje, anazuia ukuta usioze, na ningependa sababu hiyo iandikwe kwa Kiswahili chepesi katika kila barua ya kukataa, kwa sababu mwenye nyumba akiambiwa tu kwamba saruji "hairuhusiwi" anasikia amri, na amri watu huikwepa.

Chokaa nayo ina masharti yake. Mawe ya chokaa huchomwa kwenye tanuu kwa joto linalofikia karibu nyuzi 900, kisha chokaa mbichi huzimwa kwa maji, kazi inayochemka na inayoweza kuunguza ngozi na macho, kisha huachwa shimoni kulainika. Ikipigwa ukutani haigandi kwa haraka kama saruji. Hukauka kwa kuvuta hewa ukaa kutoka angani, kidogo kidogo, tabaka jembamba juu ya tabaka, na kila tabaka hutaka kunyunyiziwa maji na kukingwa jua kali. Hii ina maana kwamba tarehe ya kupata kibali ni jambo la ufundi. Kibali kikitoka wakati masika yanaingia, kazi ya ukuta wa nje haianzi. Inasubiri, na jukwaa la miti lililokwisha kodiwa linasubiri nalo. Ofisi inayotoa vibali katika mji wa pwani ingepaswa kuyaweka majira ya mvua kwenye kalenda yake kama anavyofanya mkulima.

Boriti za sakafu ya juu zilituongezea kibali kingine. Sakafu hizo hulazwa juu ya boriti za mikoko, na urefu wa boriti, takribani mita 3, ndio unaofanya vyumba vya nyumba hizi viwe virefu na vyembamba. Boriti zetu mbili zilikuwa zimeoza kwenye ncha zinazoingia ukutani, palepale plasta ya saruji ilipokuwa imenasa maji. Lakini mikoko ni misitu ya hifadhi na haikatwi bila ruhusa. Kwa hiyo anayetaka kurudisha kilichokuwapo anajikuta akitafuta ruhusa ya mti mmoja huku anayetaka kumwaga zege anakwenda tu kununua nondo dukani. Sisemi mikoko iachiwe. Inakinga fukwe zetu na mazalia ya samaki, na ulinzi wake ni wa haki. Nasema mamlaka mbili zinazohifadhi zinapaswa kujuana, ili boriti chache za kukarabati nyumba iliyo ndani ya eneo la hifadhi zisihesabiwe sawa na biashara ya magogo. Sisi hatimaye tulikubaliwa kutumia mbao ngumu za kawaida zilizochongwa kwa unene wa boriti, kwa kuwa sehemu hiyo haionekani kutoka mtaani.

Kuhusu kumhusisha mhandisi, ambako wengi hukuona kama gharama ya bure, sina shaka yoyote. Beit al-Ajaib ya Unguja, iliyojengwa 1883, iliporomoka sehemu yake Desemba 2020 wakati kazi ya ukarabati ikiendelea, na watu wawili wakafa. Jengo la zamani lina mizigo iliyojipanga yenyewe kwa miaka mingi, na kuondoa kipande kimoja, hata kwa nia ya kukirudisha, kunaipanga upya. Tuliposhusha boriti zetu, mhandisi alitaka mihimili ya kushikilia iwekwe kwanza pande zote mbili. Fundi wetu alikubaliana naye bila neno.

Madirisha na maduka ndiko penye mabishano makali zaidi. Dirisha la mbao lenye louva linapooza, fundi wa aluminiamu yuko tayari kesho asubuhi, kwa bei ndogo, na mpangaji anataka kioo kwa sababu ana kiyoyozi. Hapa naamini mamlaka zinapaswa kushikilia kwa nguvu upande wa mtaa na kulegeza kwa nyuma. Upande wa mbele, vipimo vya uwazi wa dirisha, mbao na louva vibaki. Upande wa ua, aluminiamu isiyoonekana kutoka mtaani haimpunguzii mtu chochote. Vivyo hivyo kwa viyoyozi, matangi ya maji na madishi: vyote ni mahitaji halali ya watu wanaoishi karne hii, na vyote vina mahali pa kuwekwa nyuma ya nyumba au nyuma ya ukingo wa paa. Kuhusu mabango yaliyochapishwa kwenye turubai na kufunika dirisha zima la ghorofani, sina uvumilivu nayo hata kidogo. Jina la duka lililochorwa kwa mkono juu ya mlango linasomeka vizuri na halijafunika nyumba ya mtu.

Jirani yetu mmoja, mwenye nyumba inayoizidi yetu kwa ukubwa na kwa uchakavu, aliniambia siku moja tukiwa tumeketi barazani kwake: "Urithi hauliwi." Ana wajukuu wa kusomesha, na nyumba yake ingeweza kumletea kodi nzuri kama angeruhusiwa kuvunja ukuta wa mbele na kuweka fremu nne za maduka. Siwezi kumjibu kwa kumsomea sheria. Mji unapomwambia mtu kwamba uso wa nyumba yake ni wa wote, gharama ya kuutunza uso huo haiwezi kubaki yake peke yake. Wageni wanaolipia kutembezwa Mtaa wa India wanatazama kuta ambazo yeye ndiye anayezipiga chokaa. Kupunguziwa ada ya kibali, au kupata chokaa na ushauri wa fundi kwa bei nafuu, kungekuwa jibu la maana zaidi kwake kuliko hotuba yoyote kuhusu historia.

Kwa Unguja kuna angalau mlango mmoja wa kubisha. Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe ilianzishwa 1985, miaka 15 kabla mji huo haujaingia katika Urithi wa Dunia mwaka 2000, na mwenye nyumba wa huko anajua aende wapi. Bagamoyo imo katika orodha ya awali ya Tanzania, ya maeneo yanayokusudiwa kuombewa Urithi wa Dunia, tangu 2006, kama sehemu ya njia kuu ya biashara ya watumwa na pembe za ndovu iliyokwenda hadi Ujiji. Kuingia katika orodha kamili hutaka ushahidi kwamba mahali panatunzwa, na ushahidi huo unajengwa kwa vibali vidogo vidogo vya plasta na madirisha, muda mrefu kabla wakaguzi wa kimataifa hawajafika.

Ninachopendekeza hakihitaji sheria mpya. Kazi za kurudisha kilekile, kwa vipimo vilevile na kwa vitu vya asili ileile, kama vile kupiga chokaa upya, kubadilisha ubao wa louva uliooza au kuziba ufa wa baraza, ziwe na fomu yake fupi, ya Kiswahili, inayopatikana katika ofisi ya kata, na mwenye nyumba ajaze, aambatishe picha, akaguliwe mara moja na kujibiwa ndani ya muda uliotajwa kwenye fomu hiyo. Michoro kamili, mhandisi na vikao vibakizwe kwa wanaobadilisha: wanaoongeza ghorofa, wanaopanua mlango, wanaogeuza makazi kuwa hoteli. Mwombaji wa namna ya kwanza akiona njia yake ni fupi, atachagua chokaa kwa hiari yake, kwa kuwa kuhifadhi kutakuwa kumekuwa rahisi kuliko kubomoa.

Kwetu sasa limebaki paa, na paa linaleta swali gumu kuliko ukuta. Nyumba nyingi za aina hii zilianza na paa tambarare la kokoto na chokaa juu ya boriti, zikavuja, kisha zikafunikwa kwa mabati yaliyoinamishwa. Paa letu la bati ni la zamani kuliko ami yangu. Wapo wanaosema kurudisha ni kurudi kwenye paa tambarare. Mimi naona bati hilo nalo limekwisha kuwa sehemu ya sura ya mtaa, na kwamba paa tambarare litaturudishia maji ndani ya kuta tulizozikausha kwa taabu. Tumeomba bati la mawimbi lisilo na rangi, mwinuko uleule, kenchi mpya za mbao mahali pa zile zilizoliwa na mchwa, na mfereji wa maji upande wa ua. Ombi liko ofisini, na fundi amekwishapima kenchi.